Marahaba Niliyoitikia

Kwetu Handeni ukimkuta mtu mzima njiani na mzigo, humsalimii ukapita. Unamsalimia, unasimama, unasema, "Nikupokee." Hata kama unaelekea upande mwingine, hata kama una haraka, hata kama mzee mwenyewe ndiye yule anayekusengenya kila kukicha. Unapokea. Nilikuwa bado mtoto wa madarasa ya chini nilipompita bibi mmoja jirani yetu akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Nilimpa shikamoo safi kabisa, nikaendelea na mpira wangu wa makaratasi. Habari ilinitangulia nyumbani. Mama hakunipiga, alinirudisha. Nilimkuta bibi keshafika kwake, keshatua, anapepeta mahindi. Na kwa kuwa mama alikuwa ameamuru nipokee, ilibidi yule bibi ajitwike kuni zake upya, atoke nje ya uzio, arudi tena, ili mimi nimpokee mlangoni na kuziingiza ndani. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia kwa hasira.

Naanza na hilo kwa sababu bila hilo mambo ya Nepali hayaeleweki.

Nilikuwa bwana shamba. Zilikuwa zama za ruksa, soko huria limeshaingia mpaka vijijini, mashamba ya mkonge yanabadilisha wamiliki, na serikali inapunguza watu kazini kama mtu anayepalilia. Mabwana shamba wengi niliosoma nao walikuwa wameishia kuuza mitumba au kufuga kuku. Mimi nilibahatika kuingia kwenye mradi wa wafadhili wa kuhifadhi udongo. Nilipanga chumba Korogwe ya Zamani, karibu na mto, na kila asubuhi nilipanda basi hadi Mombo kwenye ofisi yetu, kisha napanda mlimani kufundisha watu kuchimba matuta ya ngazi ili mvua isiondoke na shamba.

Nimesema mlimani. Mtu wa Korogwe akisema "napanda mlimani" hana maana nyingine, anakwenda upande wa Soni na Lushoto, kule zinakotoka pea na kabichi. Mlimani ni mahali watu wanakolima, wanakoposa, wanakokwenda kuzika. Nilikuwa navijua vijia vyote vya kupandia kutoka Mombo, na wenyeji wa kule, ambao hawamsifii mtu hovyo, walishaanza kusema kwamba bwana shamba huyu wa nyikani ana miguu. Sifa hiyo ilinikaa kichwani vibaya.

Mradi uliponipeleka Nepali pamoja na wenzetu wa nchi nyingine, tulikwenda kuona jinsi watu wa kule wanavyolima kwenye miteremko. Mwisho wa mafunzo, aliyependa angeweza kujiunga na kikundi cha kupanda mlima mmoja wa Himalaya chini ya kiongozi, na mradi ungegharimia. Karatasi waliyotutumia kabla ya safari ilisema mlima huo ni wa aina ya kutembea. Niliitafsiri hivyo hivyo kwa watu wa ofisini, wa sokoni, na wa barazani. "Ni mlima wa kutembea tu," nikasema. Barafu ilitajwa, lakini mimi niliiona kichwani kama Soni iliyorefushwa kidogo, na juu kabisa wamemwaga barafu.

Nilinunua koti kwenye mitumba ya Korogwe, jekundu, nene, limejaa manyoya ndani. Muuzaji alinitazama ninavyolijaribu juani, jasho linanitiririka, akaniuliza, "Bwana shamba, unahamia kwenye friji?" Hakuniambia kwamba ni koti la kike. Hilo nililijua Nepali, kwa kicheko cha wenzangu, na kufikia hapo hakukuwa na duka la kulibadilishia.

Nilikwenda Handeni kumuaga mama. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Baba alikuwa amefariki zamani, na mama alikuwa mtu wa maneno machache, mengi ya hayo machache akiwapa kuku.

"Huko juu kuna nini?" aliniuliza.

"Kuna barafu, mama."

"Mnakwenda kuifanya nini?"

"Kuifikia tu. Kufika kileleni."

Akapukuchua gunzi lake mpaka likaisha, akalitupa kwenye rundo.

"Nenda. Lakini usibebwe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Anayebebwa ni mtoto na maiti," akasema. "Utoto uliumaliza hapa mgongoni kwangu. Hilo la pili, Mungu apishilie mbali. Nenda kwa miguu yako, urudi kwa miguu yako. Usiende kuwa mzigo wa watu kwenye nchi yao."

"Sibebwi, mama."

"Haya. Na usile vitu usivyovijua."

Niliondoka na ahadi hiyo. Kilele sikumwahidi mtu, ingawa nilikitaka sana. Nilichoahidi ni miguu.

Mahali njia ya magari ilipoishia, wapagazi walikuwa wamejipanga wakitungoja. Kila mgeni alipewa mpagazi wa kumbebea begi lake kubwa, mwenyewe abaki na kibegi kidogo cha maji na koti. Wenzangu walipata vijana wenye shingo nene. Mimi nilipata mzee. Alikuwa mfupi, mvi zimejaa, ndala za plastiki miguuni, na ukanda mpana wa kubebea aliokuwa akiuvaa kwenye paji la uso. Baba angekuwa hai wangelingana. Kabla sijafikiri mdomo wangu ulishafanya kazi yake.

"Shikamoo, mzee."

Yule mzee akamtazama kiongozi wetu, kijana wa kule kule ambaye Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Kiongozi akaniuliza nimesema nini. Nikamweleza kwamba ni salamu ya kumpa mtu aliyekuzidi umri, na kwamba wazee wetu husema maana yake ni "nashika miguu yako". Akawatafsiria. Wapagazi wakaangua kicheko, na mzee akaitazama miguu yake kwenye zile ndala kama anayekagua kama inashikika. Kisha akanyoosha mgongo, akanitazama usoni.

"Shikamoo," akaniambia.

Nilisikia kama nimemwagiwa maji. Nikajaribu kueleza kwamba hapana, yeye haitoi hiyo, yeye anaitikia marahaba, mimi ndiye mdogo. Lakini jambo hilo kulivusha lugha mbili ni kazi, na kiongozi alikuwa na mabegi ya kuhesabu. Kufikia jioni kikundi kizima kilikuwa kinapeana shikamoo. Waliwapa watoto wa njiani, walimpa mpishi, walimpa kila ng'ombe wa kule mwenye manyoya marefu aliyetupisha. Nililazimika kucheka nao. Mzee alinipa yangu kila asubuhi, kwa heshima zote, na kila asubuhi mimi nilitikisa kichwa na kusema, "Hapana, mzee. Shikamoo wewe." Hakuna siku niliyomwitikia.

Siku ya kwanza ya kupanda ndipo nilipoanza kuharibu. Mzee alikuwa mbele yangu, begi langu mgongoni mwake limemzidi kimo, uzito wote kwenye ule ukanda wa kichwani, mishipa ya shingo imemtoka. Nyuma yake mimi, kijana mzima, chupa ya maji mkononi. Nilijaribu kumpita ili nisimwone. Ikawa mbaya zaidi, maana sasa nilikuwa nazisikia ndala zake nyuma yangu zikiburuza kokoto. Nilimwona mama yangu. Nilimwona yule bibi wa kuni. Tulipofika penye kupumzikia, mzee akaegemeza mzigo kwenye jiwe, nami nikamwendea.

"Nikupokee, mzee," nikasema kwa Kiswahili, nikashika begi.

Akakataa. Nikavuta. Akavuta. Tulivutana hapo mbele ya watu mpaka nikalitwaa, kwa kuwa nilikuwa kijana, nikalivaa mgongoni, nikaondoka nalo kwa kasi. Wenzangu walinipiga picha. Mzee alinifuata mikono mitupu, nami niliona raha moyoni kwamba sasa anapumzika, na kwamba kule Handeni mama alipo, roho yake imetulia.

Jioni kiongozi aliniita pembeni. Mzee alikuwa amesimama naye, kofia mkononi.

"Anauliza," kiongozi akasema, "kuna kitu gani kimepungua kwenye begi lako?"

Sikuelewa.

"Anasema kama kuna kilichopungua, apekuliwe mbele ya watu wote sasa hivi. Amebeba mizigo ya wageni tangu ujana wake na hajawahi kuitwa mwizi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilieleza. Nilieleza mno, habari za Handeni, kuni, kumpokea mkubwa, na kiongozi akawa anatafsiri kwa ufupi uliokuwa unanitia wasiwasi. Kisha akaniongezea la kwake. Alisema mzee ameshaanza kuonekana hana nguvu, safari hii yenyewe alipewa kwa kuwaomba. Wapagazi wenzake wakimwona anatembea mtupu huku mgeni amebeba, watasema mzee amekwisha, na safari nyingine hatachukuliwa.

"Kama unamheshimu," akasema, "mwache abebe."

Niliomba radhi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akasema "shikamoo", akaenda kunywa chai.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi asubuhi nilimrudishia begi lake, tena mbele ya wote, lakini ndani yake nilikuwa nimeshafanya ujanja. Vitu vizito vyote nilivitoa nikavitia kwenye kibegi changu kidogo: viatu vigumu vya barafu, vile vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu, kitabu cha udongo, na unga wa sembe niliotoka nao Korogwe kwa kuwa sikuamini chakula cha watu. Nafasi iliyobaki nilijaza lile koti jekundu, ambalo ni kubwa na halina uzito. Begi likaonekana limeshiba. Mzee alilinyanyua, akasita kidogo, akalivaa. Nilijiona mjanja sana. Nimempokea mzee na hakuna aliyeaibika.

Ndivyo nilivyopanda siku zile zote. Na kwa kuwa nilikuwa na siri mgongoni, sikutaka mtu awe karibu yangu akasikia ninavyohema, basi nikawa natangulia. Kiongozi alikuwa na neno lake la kutuambia twende polepole, akilirudia mpaka linachosha. Nililisikia kama watu wa mlimani walivyozoea kuwaambia wageni wanaoshuka kwenye basi pale Mombo, pole pole jamani. Mimi sikuwa mgeni wa milima. Nilikuwa na miguu.

Kichwa kilianza kuuma kule ambako miti iliisha. Sikumwambia mtu. Chakula kikakataa kupita, nikakimwaga nyuma ya mahema na kurudi na sahani tupu nikisifia upishi. Nikivua kofia niliona majua mawili. Kila nilipoketi niliikumbuka sauti ya mama akitupa lile gunzi, na nikainuka tena. Niliogopa kubebwa kuliko nilivyoogopa kufa, na nasema hivyo nikijua uzito wake, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya kuhamia kambi ya juu, ile ya mwisho kabla ya kilele, tulivaa vile viatu na vile vyuma, tukafungwa kamba, tukaanza kupanda kwenye barafu yenyewe. Kulikuwa kweupe, jua kali, kilele kinaonekana pale mbele, cheupe, kama mtu ungeweza kukifikia kabla ya adhuhuri. Nilipiga hatua nikaanguka. Nikainuka, nikaanguka tena upande uleule. Kiongozi akanifungua kamba, akaniambia nitembee mbele yake kisigino kwa kidole kwenye mstari mmoja. Nilitembea kama mtu aliyetoka kilabuni siku ya mnada. Aliniuliza jina langu nikamjibu kwa Kizigua.

"Hewa ya huku juu imekuzidi. Unashuka," akasema. "Sasa hivi."

Nikamwambia nitashuka kwa miguu yangu. Akasema jaribu. Nilijaribu, nikajikuta nimekaa kwenye barafu, miguu iko mbele yangu na hainitambui. Nilianza kumgombeza. Nilimwambia kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na nadhani watu wote kwenye ule mteremko walinisikia nikipiga kelele, "Sibebwi! Mimi sibebwi!" Hakuna aliyeelewa, na waliendelea kunitazama kwa huruma, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

Kiongozi alipaswa kwenda na kikundi. Vijana wa shingo nene walikuwa wameshatangulia na mahema. Aliyebaki chini ya barafu, akingoja kuambiwa cha kufanya, alikuwa mzee. Waliniteremsha kwa kamba mpaka pale alipo. Mmoja wa wenzetu, aliyekuwa ametosheka na mlima, alisema atashuka pamoja nasi.

Mzee alinivua kwanza kibegi changu. Kilikuwa na uzito asioutegemea, na mkono wake ukashuka nacho. Akakifungua. Akatoa kitabu. Akatoa mfuko wa unga, akaunusa. Kisha akanitazama muda mrefu, na nikaona kwamba sasa amejua kwa nini begi lake lilikuwa jepesi siku zote zile. Sikuona hasira. Sikuona kicheko pia. Alirudisha kila kitu mahali pake, akakivaa kibegi kifuani, akalitoa lile koti jekundu kwenye begi kubwa akanivisha, begi lenyewe akaliegemeza kwenye jiwe lifuatwe baadaye, akanigeuzia mgongo na kuchuchumaa.

Sikuwa na la kufanya. Nilipanda.

Alinizungushia kitambaa chini ya makalio, ncha zake akaziunga na ukanda wa kwenye paji lake, akaingiza mikono chini ya magoti yangu, akanishika miguu, akasimama. Nilikuwa mtu wa ugali, si mwembamba. Nilisikia mifupa ya mgongo wake kupitia nguo zote tulizovaa. Alinuka moshi, kama mtu yeyote wa kwetu anayepikia kuni. Kila baada ya mwendo aliegemea jiwe na kupumua, kisha anaendelea, na mimi kidevu changu kiko begani mwa mtu wa umri wa baba yangu, nalia bila sauti ili asijue. Mzigo wote niliomwibia kwa siku zile alikuwa sasa amerudishiwa kifuani, na mimi juu yake.

Yule mwenzetu alitembea pembeni akitutia moyo. Alitupiga picha. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Tulifika kwenye kibanda cha mawe bondeni, hewa ikiwa nzito kidogo, kichwa kimeanza kunirudia. Mzee alinitua kwenye benchi taratibu kama anatua mtungi. Akanyoosha mgongo, akajifuta uso kwa kofia. Kisha akasimama mbele yangu vizuri, kama ilivyokuwa desturi yake ya asubuhi.

"Shikamoo," akasema.

Na mimi, mtoto wa mama yangu, niliyelelewa nikalelewa tena, nikamjibu.

"Marahaba."

Lilinitoka lenyewe. Mtu akikupa shikamoo ukiwa umechoka, mdomo haungoji kichwa. Lakini nililisikia likitoka, na niliona miguu yangu, ambayo mikono yake ilikuwa imeiacha sasa hivi tu. Alikuwa ameishika kweli, njia nzima. Akaja akanipa salamu ya kusema kwamba ameishika, na mimi nimekaa kwenye benchi nimeipokea kama haki yangu. Yeye alifurahi. "Marahaba," akarudia, "marahaba," akijaribu neno mdomoni, kwa kuwa tangu siku ya kwanza alikuwa akinisalimu na nilikuwa simwitikii, na sasa nimemwitikia. Akaenda zake kwenye moto. Kesho yake walimpa mzigo wa kikundi kingine na sikumwona tena.

Picha ilifika Mombo kabla ya aibu yangu kupoa. Mkuu wa mradi wetu, mama wa kigeni mwenye moyo mzuri, aliibandika kwenye ubao wa matangazo kwa furaha tupu. Nilikuwa nimevaa koti la kike jekundu, mdomo wazi, macho yamefumba, nimening'inia mgongoni mwa mzee mwenye mvi na ndala. Dereva wetu alisimama mbele yake kwa muda, mikono nyuma.

"Mzigo mzito mpe Mnepali," akasema.

Tangu siku hiyo sikuwa bwana shamba tena. Nilikuwa Bwana Mzigo. Jina lilipanda mlimani kabla yangu. Nikifika kwenye shamba la mtu kumwonyesha pa kuchimba tuta, ananiuliza, "Bwana Mzigo, leo kakuleta nani?" Akina mama waliobeba matenga ya nyanya walinisimamisha njiani kwa adabu ya uongo, "Tukupokee, mwanangu?" Pale stendi ya Mombo utingo mmoja kila aliponiona alielekeza juu kwenye kerea ya basi, akisema mizigo yote huku. Nilicheka nao. Kwetu ukinuna, ndipo jina linashonwa kabisa. Lakini jioni nikirudi Korogwe nilikuwa napita njia ya mtoni ili nisikutane na watu.

Mama alishasikia. Handeni na Mombo si mbali kwa habari ya namna hiyo. Nilimkuta uani palepale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulibebwa."

"Nilibebwa."

"Na nani?"

"Na mzee."

"Mzee kama nani?"

"Kama baba."

Akainuka, akaingia jikoni, akanitengea chakula kizuri, kuku mzima, akaniacha nikile peke yangu. Hakulizungumza tena. Majirani wakimwuliza habari za safari yangu ya ng'ambo, anasema, "Alirudi salama," kisha anauliza habari za mbuzi wao. Kungekuwa na matusi ningejitetea. Ila kitu kimoja alibadilisha. Nikija nyumbani nikamkuta anatoka kisimani na ndoo kichwani, nikamwendea kwa haraka, "Shikamoo mama, nikupokee," alikuwa akinipita.

"Acha. Umechoka," anasema.

Aliniambia hivyo kwa miaka. Majirani walimpokea, watoto wao walimpokea, vijana wa Kimasai waliopitisha ng'ombe karibu na kwetu walimpokea. Mimi nilitembea nyuma yake mikono mitupu, na kila mara nikamkumbuka yule mzee wa watu akinifuata siku ile nilipomnyang'anya begi.

Mradi uliisha, wafadhili wakaenda kwingine, ubao wa matangazo ukang'olewa pamoja na picha. Nikaanza kununua nyanya Soni na kuzishusha Korogwe. Mama akazeeka. Miguu ikaanza kumvimba, kwanza vifundo, kisha mpaka magotini, na masika moja, masika ya mvua ambazo Handeni huziomba mwaka mzima na kuzijutia zikija, akashindwa kusimama. Nilikodi pikapu ya kumpeleka hospitali. Korongo lililo chini ya nyumba yetu lilikuwa limejaa, na dereva akasimama ng'ambo, akawa anapiga honi.

Wanaume wa jirani walikuja na kitanda cha kamba, ili wakishike pembe nne. Mama alikitazama.

"Sipandi," akasema. "Kitanda nitapanda siku yangu. Nitatembea."

Alijaribu. Alishika mlango, akasimama kwa nguvu za kiburi peke yake, akakaa. Tukambembeleza. Maji yalikuwa bado yanaongezeka na wote tulijua kwamba tukichelewa pikapu itaondoka, naye hataimaliza wiki.

"Mama, ngoja nikubebe," nikasema.

Mmoja wa wale wanaume alikohoa ili asicheke. Mama akanitazama.

"Mimi sibebwi," akasema.

Nililijua neno lile. Nililipigia kelele juu ya barafu mbele ya watu wa mataifa mengi. Sikubishana naye. Nilimgeuzia mgongo, nikachuchumaa mbele yake kwenye tope, nikaanza kuongea nikitazama korongo, kwa kuwa kwa kumtazama nisingeweza.

"Mama, yule mzee aliponitua alinipa shikamoo."

Nikazamisha vidole kwenye tope.

"Nikaitikia."

Hilo sikuwa nimemwambia mtu. Bwana Mzigo nilimvumilia, koti la kike nililivumilia, lakini hilo sikuwa nimelitoa.

"Uliitikia?" akauliza mama nyuma yangu.

"Niliitikia, mama. Nilisema marahaba."

Nilisikia kitanda kikiwekwa chini. Hakuna aliyekohoa. Nilikaa vile mpaka mapaja yakaanza kutetemeka, kisha nikahisi mkono wake begani, halafu wa pili, halafu uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi. Mwanamke mmoja akatufunga kanga, kama wanavyofunga mtoto. Nikaingiza mikono chini ya magoti yake, nikaishika miguu yake, imevimba, ina joto, nikasimama.

Maji yalinifika mapajani. Nilikwenda polepole, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nadhani, nikipapasa kila hatua. Pumzi yake ilikuwa inanipiga sikioni. Tulipofika katikati, mahali ambapo hakuna wa upande huu wala wa ule ambaye angeweza kutusikia kwa kelele za maji, nilisema.

"Shikamoo, mama."

Nikapapasa hatua nyingine, maji yakinivuta.

"Marahaba," akasema. "Tazama mbele, kuna jiwe."